Mhariri, hakuna mtu anayeuza visa ya uhakika

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na kama mtaweza msiikate sana maana jambo lenyewe lina mambo mengi ndani yake. Kuna kitangazo kidogo kinatoka kwenye kurasa zenu za nyuma, "Visa ya utalii uhakika, nchi yoyote, lipa nusu sasa nusu baada ya visa", kinatoka wiki kadhaa kinapotea halafu kinarudi na namba nyingine ya simu. Nawaomba mkiondoe, hicho na vyote vinavyofanana nacho. Msomaji akikiona gazetini anaamini mmeshamchunguza mwenye tangazo, na kumbe hakuna mtu nje ya ubalozi anayeweza kusema visa ni uhakika, na hata ofisa wa visa mwenyewe hawezi kukwambia hivyo kabla hajasoma faili lako.

Mimi sio mwanasheria na wala sina ofisi. Ni vile tu ndugu na marafiki wakitaka kwenda kutembea nje wananitumia karatasi zao WhatsApp niwaangalizie, kwa hiyo nimejikuta nasoma masharti ya nchi moja baada ya nyingine, na nayasoma pale walipoyaandika wenyewe kwenye tovuti zao sio ya kusimuliwa kijiweni. Kiukweli karatasi zinazonitia hofu sio za mtu mwenye hela kidogo, huyo unamwambia subiri kwanza jipange anaelewa. Zinazonitia hofu ni za mtu ambaye kila kinachotakiwa anacho, kazi anayo, hela anayo, sababu ya kurudi anayo, ila fomu kajaziwa na kishoka, yaani ajenti wa mitaani asiye rasmi, na yeye mwenyewe hajui ndani kumeandikwa nini.

Kuna dada mmoja, simtaji. Ana kazi nzuri ya kudumu, likizo alishapewa, hela kaiweka kidogo kidogo mpaka ikatosha, alitaka tu akatembee wiki mbili arudi kazini. Akampa ajenti kila kitu. Ajenti akamjazia fomu, akamchukulia miadi, akamkabidhi bahasha imeshafungwa akamwambia wewe nenda, utakachoulizwa jibu. Kule dirishani akaulizwa swali la kawaida kabisa, mume wako anafanya kazi wapi. Hana mume na hajawahi kuolewa, akajibu ukweli kwamba hajaolewa. Ofisa akaangalia skrini akamuuliza, sasa huyu aliyeandikwa hapa ni nani? Ndio anajua pale pale mbele ya kioo kwamba kwenye fomu yupo mume, ana jina na tarehe ya kuzaliwa, na kwenye bahasha kipo mpaka cheti cha ndoa. Yule ajenti alikuwa na imani yake kwamba mwanamke asiye na mume "hapewi" kwa hiyo akamtengenezea ndoa. Visa akanyimwa, na hilo lilikuwa dogo, kubwa ni kwamba barua ilisema ametumia nyaraka za kughushi, na tangu siku hiyo kila fomu atakayojaza ya nchi yoyote inayouliza "umewahi kunyimwa visa, na kwa nini" hilo ndilo analotakiwa kuandika. Mtu ambaye angeomba kwa ukweli wake mwenyewe, hajaolewa na ana kazi, pengine angesafiri na kurudi bila tatizo lolote.

Hili ndilo watu hawaelewi, na naomba mlielezee hata kwenye habari zenu. Fomu ya visa ni kauli yako wewe kwa serikali ya nchi nyingine. Sio karatasi ya kupita tu. Chukua fomu ya Marekani, ile DS-160 ya mtandaoni, inauliza kabisa kama kuna mtu alikusaidia kuijaza na inataka umtaje ni nani, na hata kama umesaidiwa mwanzo mwisho, kile kitufe cha kusaini unatakiwa ukibonyeze mwenyewe, maana ukishabonyeza umesema umesoma kila kitu na ni kweli. Inauliza pia akaunti zako za mitandao ya kijamii ulizotumia miaka 5 iliyopita. Sasa ajenti kaandika huna akaunti yoyote na wewe kila siku unapost picha, umeshaanza kwa uongo kabla hata hujafika dirishani.

Na adhabu ya uongo ni kubwa kuliko safari yenyewe. Uingereza mtu akibainika amefanya udanganyifu kwenye maombi anaweza kufungiwa miaka 10, Canada ni miaka 5, na Marekani sheria yao inakufungia moja kwa moja, hauingii tena maisha yako yote mpaka upate msamaha maalum ambao nao una mlolongo wake. Halafu utetezi wa "ajenti ndio aliandika mimi sikujua" ni mgumu sana kuuthibitisha, kwa sababu sahihi ni yako na alama za vidole ni zako. Yule ajenti jina lake halipo popote. Kesho anabadilisha namba ya simu anaendelea na wengine.

Tuje kwenye kinachoangaliwa, maana hapo ndipo vishoka wanapopatia soko. Watu wanadhani kuna siri. Hakuna siri, imeandikwa. Kwa Marekani ni kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji, kinachosema kwamba kila anayeomba visa ya muda kama ya utalii anahesabiwa ni mtu anayetaka kuhamia mpaka yeye mwenyewe amridhishe ofisa kwamba sivyo. Yaani unaingia ukiwa umeshashukiwa na kazi ya kuondoa shaka ni yako. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia visa moja, wao wana kanuni yao ya visa, ni ya mwaka 2009 na imefanyiwa marekebisho baadaye, na fomu yao ya kukataa ina sababu zimeorodheshwa ofisa anatia alama tu: lengo la safari halijaeleweka, hela ya kujikimu haijathibitishwa, bima hakuna, taarifa ulizotoa haziaminiki, kuna mashaka kama utaondoka kabla visa haijaisha, na nyingine. Mimi binafsi naona kumshuku kila mtu mwanzo ni ukali unaomuumiza mkweli, na ningekuwa na uwezo ningebadilisha, lakini ndio sheria iliyopo na ukiijua unaweza kujipanga nayo vizuri.

Kwa hiyo swali lote kwa lugha ya kawaida ni moja, unaenda kufanya nini na nini kitakurudisha. Ofisa hana muda mrefu na wewe, intavyuu nyingi za Marekani ni dakika chache tu, na kwenye nchi nyingine unaweza usiitwe hata kwenye intavyuu, faili ndilo linaongea. Ndio maana nawaambia watu wangu wasihangaike na wingi wa karatasi, wahangaike na kuhakikisha karatasi zinakubaliana. Barua ya mwajiri inasema mshahara kiasi fulani, basi stetimenti ya benki ionyeshe mshahara huo huo ukiingia mwezi hadi mwezi. Likizo uliyopewa ni siku 14, sasa kwanini tiketi ya kurudi ni baada ya siku 25? Umeandika unajilipia mwenyewe, halafu kuna barua ya mjomba anasema atakugharamia kila kitu. Jina kwenye pasipoti limeandikwa hivi na kwenye cheti cha kuzaliwa vile, na hakuna maelezo. Ofisa akikuta vitu viwili visivyokubaliana hakupigii simu akuulize, anaandika taarifa haziaminiki anaenda faili linalofuata.

Na hela nisisitize maana ndipo penye biashara chafu zaidi. Wapo wanaokodisha salio, wanakuwekea hela nyingi kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuprinti stetimenti halafu wanazitoa na riba yao juu. Hii inaonekana waziwazi! Mtu akaunti yake miezi mitano inacheza na salio dogo, mwezi wa sita ghafla imeingia hela ya mwaka mzima kwa mkupuo, hakuna mtu anayesoma stetimenti kila siku ambaye hataona. Hawaangalii salio la mwisho peke yake, wanaangalia maisha ya akaunti, hela inaingia kutoka wapi, inatoka kwenda wapi, na safari unayoitaka inalingana na maisha hayo au hailingani. Kama kweli umeuza kiwanja au umepokea mafao, weka karatasi ya mauzo na maelezo mafupi, basi. Na kama hela yako ni ya safari ya siku 6 omba siku 6, usiombe mwezi mzima kwa sababu jirani aliomba mwezi.

Kitu kingine cha vishoka ni bukingi za hoteli na tiketi za uongo. Mtu anauziwa skrinshoti ya tiketi ambayo ukiingiza namba yake kwenye tovuti ya shirika la ndege haipo, au hoteli inabukiwa leo inakanseliwa kesho yake asubuhi. Ubalozi wanaweza kupiga simu hotelini, na wanapiga. Halafu hata haikuwa lazima: Uingereza wenyewe wanashauri usilipie safari kabla ya kupata visa, na Schengen wanataka rizavesheni na mpango wa safari unaoeleweka, sio lazima tiketi uwe umeshailipia yote.

Kwa Schengen nigusie na haya kidogo kwa kuwa ndiko wengi wanakochanganyikiwa. Sasa hivi ni nchi 29 zinazotumia visa moja, Bulgaria na Romania zimekamilika kuingia Januari 2025, na unaomba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kama siku zinalingana basi ile utakayoingilia. Sio ile ambayo ajenti anasema "wanatoa kirahisi". Ukipewa visa na nchi moja halafu ukaenda kukaa nyingine muda wote bila sababu ya maana umejiharibia ombi linalofuata. Maombi yanapokelewa mapema mpaka miezi 6 kabla ya safari na kikawaida sio chini ya siku 15 kabla, jibu linatakiwa ndani ya siku 15 ila wanaweza kuongeza mpaka 45, kwa hiyo anayekuja kuniuliza akiwa amebakiza wiki moja huwa namwambia asogeze safari mbele. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko na iwe na kurasa mbili tupu. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, watoto wa miaka 6 mpaka chini ya 12 wanalipa nusu, chini ya hapo bure. Haya yote yapo wazi, bure, mtu anayasoma kwa simu yake, na bado kuna watu wanauziwa.

Halafu kuna hivi vituo vya kupokelea maombi, VFS Global, TLScontact na wengine, ambavyo watu wanaviita ubalozi. Sio ubalozi. Ni makampuni yaliyoingia mkataba na serikali, kazi yao ni kupokea fomu, kuchukua alama za vidole na picha, kukusanya ada na kurudisha pasipoti. Hawaamui. Kanuni ya Schengen inasema wazi kwamba kuchambua ombi, kuamua na kubandika stika ni kazi ya ubalozi au mamlaka za nchi yenyewe peke yake, na hayo makampuni nayo yameandika kwenye tovuti zao kwamba hayahusiki na uamuzi. Kwa hiyo yule anayekwambia "nina mtu wangu pale kituoni" anakuuzia mtu ambaye hana uwezo hata wa kujua uamuzi utakuwaje, na pasipoti yako inarudi kwenye bahasha imefungwa. Pia pale kituoni utapewa huduma za kulipia za ziada, ujumbe wa simu, sehemu ya kukaa tofauti na foleni, kuletewa pasipoti nyumbani. Ni hiari. Hakuna hata moja inayoongeza nafasi ya kupata visa, na hili lingeandikwa kwa herufi kubwa ukutani lingesaidia sana watu wazima wanaoenda peke yao wakiogopa kukataa.

Kukataliwa nako kuna watu kumewavunja moyo bila sababu. Kukataliwa mara moja kwa sababu ya kawaida, sio ya uongo, sio mwisho. Schengen wanatakiwa wakupe ile fomu yenye sababu na ikueleze utakata rufaa wapi, rufaa inaenda kwa nchi iliyokukatalia na kwa sheria zake. Marekani ukikataliwa kwa 214(b) hakuna rufaa, unaruhusiwa kuomba tena muda wowote ila unalipa upya, na ada yao ya ombi la visa ya utalii ni dola 185 hairudishwi, unapata au unakosa. Ndio maana inanisikitisha mtu anayekataliwa Jumatatu halafu wiki inayofuata anarudi na karatasi zile zile, hakuna kilichobadilika kwenye maisha yake wala kwenye maelezo yake, analipa tena na anapata jibu lile lile. Soma sababu uliyopewa taratibu. Kama wamesema lengo la safari halijaeleweka basi tatizo sio salio, tatizo ni kwamba hukueleza unaenda wapi kufanya nini, na barua fupi ya ukurasa mmoja uliyoandika kwa maneno yako ingeweza kufanya kazi ambayo laki za ajenti hazikufanya. Na ombi lijalo swali la "umewahi kunyimwa" jibu NDIYO. Nchi nyingi zinabadilishana taarifa, alama za vidole za Schengen zinakaa kwenye mfumo wao karibu miaka 5, kuficha hakufichiki.

Nirudi kwenye maana ya visa yenyewe, kwa sababu hata aliyepata bado anaweza kuumia. Visa ni ruhusa ya kwenda kubisha hodi. Ofisa wa uhamiaji wa uwanja wa ndege ndiye anayekuruhusu kuingia, na kwa nchi kama Marekani hata muda wa kukaa anakuandikia yeye. Kwa Marekani ile tarehe ya mwisho kwenye stika ni siku ya mwisho ya kujitokeza mpakani, sio siku ya mwisho ya kukaa, siku za kukaa zipo kwenye rekodi yao ya kuingia inayoitwa I-94 ambayo unaiangalia mtandaoni ukishaingia. Kwa Schengen stika ina tarehe ya kuanzia na ya kuishia halafu ina sehemu nyingine ya idadi ya siku, mtu ana dirisha la mwezi mzima lakini siku zilizoandikwa ni 12, basi ni 12. Na hata mwenye visa ya miaka mingi hazidishi siku 90 ndani ya kila siku 180. Wapo waliopitiliza siku tatu tu kwa kutokujua kusoma hiyo stika na ombi lililofuata likakwama hapo. Na zile karatasi ulizoombea visa, barua ya likizo, bima, hoteli, tembea nazo mkononi sio kwenye begi la chini ya ndege, maana unaweza kuulizwa tena yale yale ukifika.

Sasa ubalozi. Naona kwenye maoni ya wasomaji wenu watu wanaandika kama vile ubalozi ni duka la visa na kazi yake nyingine ni bendera. Kazi za ubalozi zimeandikwa kwenye Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, kuiwakilisha nchi yake, kulinda maslahi ya nchi na raia wake, kujadiliana na serikali ya pale, kufuatilia kwa njia halali hali ya nchi na kuripoti nyumbani, kukuza urafiki na biashara. Visa zipo kwenye mkataba mwingine, wa mwaka 1963, wa huduma za kikonseli, ambapo kutoa pasipoti kwa raia wao na visa kwa wageni ni kazi mojawapo kati ya nyingi, kusajili vizazi, kuhudumia mabaharia, kusaidia raia aliyekwama, kuangalia urithi wa aliyefariki. Ndio maana balozi mwenyewe ukimwandikia barua akusaidie visa haikusaidii, faili lipo kwa ofisa wa kitengo hicho. Na ile habari kwamba ukiingia ndani ya geti la ubalozi umeshaingia nchi nyingine sio kweli, ardhi ni ya nchi ile ile uliyosimama, ila mkataba unazuia polisi na serikali ya pale kuingia bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi. Nimelisema hili kwa sababu kuna vishoka wanaliuza hata hilo, "nitakuingiza ndani", kama vile kuingia ndani ni nusu ya safari.

Upande wa pili wa habari hii ya balozi, ambao hauandikwi kabisa, ni ubalozi wa nchi yako kule uendako. Mtu anafuatilia ubalozi wa wenyewe miezi mitatu halafu namba ya simu ya ubalozi wake mwenyewe hana. Ukiibiwa pasipoti ni wao wanaokupa hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Ukikamatwa, ibara ya 36 ya huo mkataba wa 1963 inakupa haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe, na wale waliokukamata wanatakiwa wakuambie kwamba una haki hiyo. Omba. Usikae kimya kwa aibu. Hawawezi kukutoa mahabusu, hawalipi faini wala wakili wala bili ya hospitali, na sheria za pale hawana nguvu ya kuziondoa juu yako, lakini wanaweza kuja kukuona, kukupa orodha ya mawakili, kuwapigia ndugu zako. Kama nchi yako haina ubalozi pale ulipo, mara nyingi kuna ubalozi wa nchi ya jirani unaohudumia na pale, au kuna konseli wa heshima, yaani mwakilishi ambaye sio mwanadiplomasia wa kazi, mtafute kabla ya safari sio baada ya matatizo. Inachukua dakika chache kuandika namba hiyo kwenye karatasi na kumwachia mtu nyumbani nakala ya pasipoti.

Mhariri, sisemi kila ajenti ni mwizi. Wapo watu wanaofanya kazi yao vizuri, wanakukatia tiketi, wanakupangia hoteli halisi, wanakusaidia kupakia PDF kama simu inakusumbua, wanakusomea fomu kwa sauti ukajibu mwenyewe, halafu wanakupa nakala ya kila kitu. Huyo mlipe, ni jasho lake. Kumtofautisha na yule mwingine ni rahisi: mwambie nataka kusoma fomu yote kabla haijatumwa na nakala ibaki kwangu. Akisita, chukua pasipoti yako uondoke.

Ombi langu la pili, na ningependa mlifanyie kazi kweli. Nendeni na kinasa sauti kwenye balozi zinazopokea maombi mengi mkaombe mahojiano na maofisa wa visa, wengi wana vitengo vya habari na wanakubali kuongea mambo ya jumla, mchapishe majibu yao kwa Kiswahili, ukurasa mzima, kila mwezi ubalozi mmoja. Waulizeni kwa nini mtu anayekataliwa kwa mashaka ya kurudi haambiwi ni karatasi ipi iliyoleta mashaka, maana kutiwa alama kwenye kiboksi bila maelezo ndiko kunakompeleka mtu kwa kishoka kutafuta tafsiri. Waulizeni mtu aliyejaziwa uongo bila kujua anaanzia wapi kusafisha rekodi yake, anamwandikia nani, na kama kuna mtu anayesoma barua hiyo. Na waulizeni kuhusu miadi, ukiingia kwenye mfumo wao usiku wa manane unakuta nafasi zote zimejaa kwa miezi, lakini kuna watu mtandaoni wanaziuza nafasi hizo hizo kwa tarehe unayotaka wewe, wanazipata wapi na ubalozi umefanya nini kuwazuia?

Wenu msomaji wa siku nyingi.